Mzee Niliyemfunga kwa Kutojua Lugha Yake

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo uso huniwaka moto. Umeniambia umechukuliwa kazi ya polisi na wiki ijayo unakwenda mafunzoni. Nimefurahi sana. Basi keti kidogo, mizigo utafunga baadaye, nikusimulie nilivyoianza kazi hiyo mimi mwenyewe, miaka ya hamsini, pale Garsen.

Mimi mtu wa Kipini, wajua. Nilichukuliwa nikiwa na miaka ishirini nikapelekwa bara, mafunzo ya miezi sita. Tulipigishwa gwaride mpaka nyayo zikatoka malengelenge. Tulifunzwa kulenga shabaha, kung'arisha buti, kupiga saluti, na kuandika taarifa kwa mwandiko unaosomeka. Nilikuwa hodari, sikufichi. Siku ya gwaride la mwisho niliwekwa mstari wa mbele, na mkufunzi akaniambia nitafika mbali. Maneno yale yakaniingia kichwani, yakakaa humo pabaya.

Garsen nilipofika nilidhani nimeshushwa mahali sipo. Kituo kilikuwa vyumba viwili vya udongo na paa la makuti. Tulitakiwa tuwe askari tisa. Tulikuwa wanne, na mmoja hakuacha kutetemeka kwa malaria. Bunduki mbili. Pingu moja, na ufunguo wake ulikuwa umepotea zamani. Mto unaopita pale ukifurika, barabara ya Malindi hukatika na lori la chakula halifiki, tukawa tunakula samaki na ndizi za Wapokomo wiki baada ya wiki. Eneo letu ungelitembea siku tatu na usilimalize. Mbu siwataji.

Mkubwa wetu alikuwa Koplo Kazungu, Mgiriama, mtu mfupi, mpole, kaptula zake za kaki zimefuliwa hadi zimepoteza rangi. Alikuwa na miaka minane pale. Nilimdharau, mwanangu. Wafugaji wa Kiorma wakija kituoni aliketi nao chini, akawapa chai, wakazungumza Kiorma saa nzima habari za mvua na wagonjwa wa nyumbani kabla hawajafika kwenye shauri lenyewe. Mimi nilisimama pembeni na buti zangu zinazong'aa, nikisema moyoni, huyu naye ni askari wa namna gani?

Asubuhi moja ya kiangazi akaja Mama Habiba, mkulima wa Kipokomo, mbio mbio. Ng'ombe wameingia shambani kwake, mahindi yanaliwa. Koplo alikuwa amekwenda Chara kwa ugomvi wa wavuvi. Nikachukua rungu na kamba nikatoka peke yangu, mama yule akinifuata nyuma. Sikumngoja hata anieleze vizuri. Kesi yangu ya kwanza!

Nilikuta ng'ombe kama thelathini ndani ya mahindi, na katikati yao mzee mmoja wa Kiorma, fimbo mkononi, anapiga kelele. Nikamshika mkono.

"Ng'ombe hawa ni wako?"

Akajibu haraka haraka, akionyesha upande wa mtoni. "Kiya miti! Kiya miti!"

"Miti gani? Nakuuliza ng'ombe, wewe waniambia miti?"

"Kiya miti," akarudia, polepole mara hii, kama anayemfundisha mtoto.

Nikaona ananichezea shere. Mama Habiba akafika, pumzi zimemwishia. "Bwana askari, ngoja kwanza, mzee huyu..." Nikamkata neno. Nikamwambia kazi ya serikali haiingiliwi. Nikamfunga mzee mikono yote miwili, nikamtanguliza mbele yangu hadi Garsen, mwendo wa saa nzima na zaidi juani. Njiani alisimama mara nyingi, akageuka kutazama mtoni, akasema maneno marefu huku sauti ikimkatika. Nami nikamsukuma aendelee. Maji nilikuwa nayo. Nilimpa mara moja tu.

Koplo alirudi alasiri. Hakuniangalia. Alikwenda moja kwa moja akaifungua ile kamba, akaishika mikono ya mzee iliyokuwa imevimba, akamwita "Abba," yaani baba, akampa maji, wakazungumza. Kisha akanigeukia.

"Alikwambia nini shambani?"

"Alinifanyia mzaha, afande. Namuuliza ng'ombe, ananijibu miti."

"'Kiya miti' kwa Kiorma maana yake 'si wangu'. Mzee Buya alikuwa malkani, pale wanaponyweshea mtoni, ananywesha ng'ombe wake. Akaona ng'ombe wa watu wengine wanaharibu shamba la Mama Habiba. Akawaacha wake akaenda kuwatoa. Wewe ukaja ukamfunga."

"Na ng'ombe wake wako na nani?" nikauliza.

"Hawana mtu. Tangu asubuhi."

Koplo akaketi kwenye sanduku la risasi, akasema bila kupaza sauti: "Tuko wanne hapa, na mmoja ni mgonjwa. Kila mwanamume wa mto huu ana mkuki au panga. Wadhani wanatuletea mashauri yao kwa kuogopa bunduki mbili? Wanakuja kwa kuwa wanaamini watasikilizwa. Leo umeniharibia kazi ya miaka minane."

Aibu iliponizidi nikamwambia naacha kazi, nivue nguo za serikali nirudi kwetu.

"Utarudi," akasema. "Lakini kwanza utampeleka Mzee Buya kwake, na utawatafuta ng'ombe wake mpaka aseme basi. Habari ya kuacha kazi tutaizungumza baadaye."

Tulitafuta siku tatu, mimi, mzee na wanawe wawili ambao hawakunisemesha neno. Nilivua zile buti siku ya pili, miguu imechubuka. Wengi tuliwapata, wametawanyika vichakani. Wawili hatukuwaona kamwe. Na mtamba mmoja mweupe alichukuliwa na mamba. Tulikuta nyayo zake ukingoni na damu kwenye matope. Mzee aliyatazama, akageuka tukaendelea kutafuta. Hakunilaani. Afadhali angenilaani.

Jioni ya siku ya tatu akasema basi. Nikasimama mbele ya watu wake nikaomba radhi kwa maneno ya Kiorma ambayo Koplo alikuwa amenikaririsha. Lazima niliyakosea vibaya, maana wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Mzee Buya hakucheka. Akanirekebisha neno moja baada ya jingine, akanirudisha mwanzo, hadi nikalisema sawasawa. Pale pale nikakata shauri: siendi Kipini. Nitakaa hapa mpaka niielewe lugha hii.

Ikawa kila siku yangu ya mapumziko naenda bomani kwake kujifunza. Nilichekwa sana. Mwaka mmoja na nusu ulipita kabla sijaweza kusikiliza shauri bila mkalimani. Mzee alinifundisha kwa subira, lakini alama ya kamba ilibaki kwenye kifundo cha mkono wake. Hakuitaja hata siku moja. Mimi niliiona kila nilipompa salamu.

Baadaye Koplo alihamishwa, na ukame ukaja mkali. Siku moja Waorma na Wapokomo walikabiliana mtoni kwa mikuki na mapanga, wakigombea njia ya kupitisha ng'ombe katikati ya mashamba. Askari tulikuwa wawili tu. Niliketi chini kati yao, nikauliza habari za nyumbani, Kiorma kwanza, kisha Kipokomo kile kidogo nilichokijua. Tuliketi mpaka jua likapinduka. Walikubaliana njia, wakaipima kwa hatua mbele yangu, na hapana aliyemwaga damu.

Sasa nisikilize, mwanangu. Popote utakapopangwa, uliza watu wa hapo wanazungumza lugha gani, uanze kujifunza siku hiyo hiyo. Usimfunge mtu ambaye hujamwelewa. Tafuta wa kukutafsiria, hata kama siku nzima itapotea. Anayetaka kukwambia neno, mwache amalize. Utakuta askari ni wachache, nyumba mbovu, na safari hazina mwisho. Walalamikie wakubwa zako, ni haki yako, ila hasira zako usizimalizie kwa raia. Na ukikosea, kwa maana utakosea, mwendee uliyemkosea kwa miguu yako mwenyewe. Usikimbie.

Nenda, mwanangu, na radhi zangu zote. Mwenyezi Mungu akupe sikio jepesi kusikia na mkono mzito kufunga, akukinge na maradhi na shari za watu, na kila utakapohama, wenyeji wasikitike kukuona unaondoka. Amina.