Minazi ya Hawe na Sheria ya Watu Wote

Nilikuwa mkalimani wa mahakama kwa miaka kumi na miwili, na kwa muda mrefu niliamini kwamba maneno yanayopita mdomoni mwangu si yangu. Hakimu akisema mtu aende jela, nami nikamwambia mtu huyo kwa lugha yake kwamba anakwenda jela, mwenye kumfunga ni hakimu. Mimi ni njia tu. Leo nikiikumbuka kesi ya minazi, imani ile inanikera kuliko hata hukumu yenyewe.

Nimezaliwa Takaungu. Baba alikuwa Mswahili wa pale mjini, mama Mgiriama wa ng'ambo ya barabara kuu, kwa hivyo lugha zote mbili nilinyonya nazo. Shule ikaniongezea Kiingereza. Mwanzoni mwa miaka ya themanini nikapata kazi katika mahakama moja ya pwani ambayo sitaitaja. Kesi ziliandikwa kwa Kiingereza. Hakimu alikuwa mtu wa bara, kijana bado, mpole, mwenye bidii. Hakula rushwa, na hata akiwa peke yake ofisini hakulegeza tai. Nalisema hili mapema kwa sababu ingekuwa rahisi kwangu kumkasirikia mtu mbaya. Hakuwa mbaya.

Mdaiwa katika kesi ile alikuwa mwanamke mzee, Mgiriama, mjane. Watu wote waliokuja naye walimwita hawe, yaani bibi, nami nikamwita hivyo hivyo. Mumewe alikuwa amepewa ruhusa na tajiri mmoja wa zamani, mwenye shamba karibu na bahari, apande minazi. Ardhi ikawa ya tajiri, minazi ikawa ya mume, na kila mwangusho tajiri akapelekewa fungu lake la nazi kwa heshima. Mume alipokufa, minazi ikamwangukia hawe. Tajiri naye akafa. Warithi wake, waliokuwa wakiishi mbali, wakaiuza ile ardhi kwa mfanyabiashara aliyetaka kujenga nyumba za watalii. Mfanyabiashara akapata hati miliki. Katika hati hiyo hamkuwa na neno hata moja juu ya minazi. Akamshtaki hawe kwa kuingia shambani mwake na kuangusha nazi zake.

Kwetu sisi watu wa pwani jambo hili halina utata. Ardhi yaweza kuwa ya mtu mmoja na mnazi wa mwingine. Nyumba pia. Shangazi yangu aliishi miaka yake yote katika nyumba yake mwenyewe juu ya kiwanja cha watu, na alipoiuza, aliuza nyumba, kiwanja kikabaki kwa mwenyewe. Hakuna aliyeona ajabu. Mtoto wa Takaungu anayejua kuhesabu hadi kumi anajua pia mnazi upi ni wa nani.

Hawe hakuwa na wakili. Siku ya kusikizwa kwa kesi alisimama kizimbani, akashika ubao kwa mikono miwili, akaeleza kila kitu kwa utaratibu: ruhusa ilitolewa wapi, mbele ya nani, fungu la nazi lilipelekwa vipi. Nilifasiri neno kwa neno. Wakili wa mfanyabiashara, mtu aliyekuja na vitabu vitatu vinene, hakubishana na lolote kati ya hayo. Alisema tu kwamba chini ya komon lo, ile sheria iliyotoka Uingereza, kitu chochote kilichoshikamana na ardhi ni sehemu ya ardhi, na mwenye ardhi ndiye mwenye kitu.

Hakimu akanigeukia. "Mfasirie."

Nikakwama. Komon lo ningeiitaje? Nililijua lile neno la kwanza kwa maana ya kitu cha pamoja, kisicho cha mtu mmoja. Nikamwambia hawe kwamba mwenzake anadai kwa sheria ya watu wote.

"Watu wote gani?" akauliza.

Nikamfasiria hakimu swali hilo. Akatabasamu kidogo, akaandika, akasema si lazima lijibiwe.

Alasiri ile nilimpelekea chai ofisini, nikamwuliza mimi mwenyewe. Alipenda kufundisha, na alifurahi kuulizwa. Akanieleza kwamba zamani za kale, kule Uingereza, kila kijiji kilikuwa na mila zake za ardhi, urithi na fidia. Kisha wafalme wakaanza kuwatuma majaji wao wazunguke kwa farasi, mji kwa mji, wasikilize kesi. Majaji wakawa wanawauliza wenyeji: hapa kwenu jambo hili huamuliwa vipi? Waliporudi mji mkuu wakakaa pamoja wakalinganisha. Mila nzuri zikashikwa, mbovu zikaachwa, zikatengenezwa kuwa moja kwa nchi nzima. Ndiyo maana ikaitwa ya pamoja. Bunge halikuitunga. Ilikua hukumu juu ya hukumu: jaji wa leo hutazama jaji wa jana aliamua nini katika jambo kama hilo, akamfuata. Palipokuwa na ugumu kupita kiasi, watu walimlilia mfalme, na hapo ikazaliwa mahakama nyingine ya kulainisha, iliyofuata insafu, yaani uadilifu.

"Na ilifikaje hapa?" nikauliza.

"Kwa bendera," alisema. "Serikali ya kikoloni ilipoingia ilitangaza kwamba sheria hiyo, kama ilivyokuwa Uingereza mwaka wa 1897, itatumika huku. Tulipopata uhuru tukaibakisha."

Alisema hayo kwa sauti ya mtu anayesimulia mambo ya kupendeza, na kwa kweli yalipendeza. Nilirudi kwenye meza yangu nikiyatafakari. Ilikuwa njiani kwenda nyumbani hasira iliponipanda. Kwa hiyo wale majaji wa farasi waliwauliza wanavijiji! Walisikiliza kwanza, ndipo wakaamua. Sheria yao ilitoka kwa watu wenye matope miguuni, watu kama hawe. Lakini ilipovuka bahari ikaja kwetu, hakuna aliyefika Takaungu kuuliza mnazi huamuliwa vipi. Walituletea majibu ya wanavijiji wa kwao, tuyavae.

Kazi yangu nyingine pale ilikuwa kupanga kabati la vitabu. Kesho yake nikaitafuta sheria ya Kenya inayosema mahakama zifuate nini. Nikaipata, nikaisoma nimesimama. Ilisema kwamba komon lo itatumika, ndiyo, lakini kwa kadiri tu hali ya Kenya na wakaaji wake inavyoruhusu, na kwa marekebisho ambayo hali hiyo inayalazimisha. Nikaisoma tena na tena. Kizuizi kilikuwa pale pale, kimechapishwa, ndani ya kabati tulilokuwa tukilifungua kila siku. Wakili mwenye vitabu vitatu hakukitaja. Hakimu hakukitaja.

Nikaenda ofisini kwake na kitabu kimefunguliwa. "Bwana hakimu, samahani, kuna kifungu hapa kuhusu hali ya wakaaji..."

Hakukasirika. Alikitazama kile kitabu, akanitazama mimi. "Umeajiriwa kufanya nini hapa?"

"Kufasiri, bwana."

"Basi. Hawezi mdaiwa kuwa na wakili aliyejificha kwenye kiti cha mkalimani. Upande wa pili ukijua, kesi itaharibika. Rudisha kitabu."

Nikakirudisha. Alikuwa na haki, kwa namna fulani. Lakini hakuna aliyenikataza kumwendea hawe nyumbani kwake, au kumpelekea salamu kupitia kwa jamaa za mama, kwamba atafute wakili na wakili akisome kifungu fulani. Sikufanya hivyo. Niliogopa kufukuzwa. Nilikuwa wa kwanza katika familia yetu kukaa ofisini, na baba alikuwa akinitaja kwa kila aliyemkuta msikitini. Nikajiambia kwamba huenda hakimu atakiona kifungu hicho mwenyewe.

Hakukiona, au alikiona akakipita. Siku ya hukumu alisoma kurasa nne kwa Kiingereza. Alizitaja kesi za Uingereza moja baada ya nyingine, watu waliogombania mashine zilizofungwa kwa misumari sakafuni, makochi, mapazia. Mnazi haukutajwa katika hata moja, kwa kuwa huko hakuna mnazi. Mwishoni alisema minazi imeshikamana na ardhi kwa mizizi, kwa hivyo ni ya mwenye hati. Kisha akanigeukia.

Nikasema kwa Kigiriama: "Hawe, mahakama imeona kwamba alichokipanda mtu katika ardhi ni mali ya mwenye ardhi. Minazi si yako."

Hawe alinitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtoto aliyetumwa ujumbe akaukosea njiani. "Hukusikia vizuri," alisema. "Mwulize tena."

Nikamwuliza hakimu tena, maana ndivyo alivyotaka. Hakimu akarudia. Nikarudia. Watu waliokaa nyuma wakanung'unika, karani akawanyamazisha.

"Ana siku thelathini za kukata rufaa," hakimu akasema.

Nikamfasiria. Hawe akafikiri. "Rufaa kwa nani?"

"Kwa jaji, Mombasa."

"Na huyo jaji anatumia sheria ipi?"

Swali hilo hakumwuliza hakimu. Aliniuliza mimi, ananitazama usoni, kwa lugha ya mama yangu. Palikuwa na nafasi ya sentensi moja. Ningesema: hiyo hiyo, hawe, lakini ina kifungu kinachokutetea. Hakuna mtu mwingine mbele ya chumba kile aliyeelewa Kigiriama. Hakuna ambaye angejua.

"Hiyo hiyo," nikasema.

Akaitika kwa kichwa, akajitanda leso yake vizuri, akatoka.

Zilipita siku ishirini na moja. Nilizihesabu. Kila jioni nilijiambia kesho nitakwenda, na kila kesho ilikuwa na kesi zake. Hatimaye siku ya Jumamosi nikapanda gari kwenda kwao. Nilimkuta hawe uani pamoja na mkaza mwanawe, wanasuka makuti. Nikaamkia, nikapewa kigoda. Makuti yalikuwa mengi mno, yamerundikwa mpaka kwenye ukuta wa jikoni, na yote mabichi. Nikaelewa kabla sijaambiwa.

"Wamekata lini?" nikauliza.

"Alhamisi," alisema yule mkaza mwana. "Walikuja na misumeno ya mashine. Walimaliza kabla ya adhuhuri. Wakatwambia makuti tuchukue, wao hayawafai."

Nikawaambia nilichokuja kuwaambia. Niliwaeleza juu ya kifungu, juu ya hali ya wakaaji, juu ya siku tisa zilizobaki. Niliwaambia nilikijua tangu kabla ya hukumu. Niliongea haraka, bila kupumzika. Mkaza mwana aliacha kusuka. Hawe hakuacha.

"Nikate rufaa ya nini sasa?" aliuliza. "Ya visiki?"

"Waweza kupata haki yako, hawe. Hata kama minazi haipo."

"Hayo uliyosema sasa hivi," alisema, "yaseme tena. Polepole. Kama vile tuko mahakamani."

Nikayasema tena. Nilisema kwamba sheria ya Waingereza ilitokana na mila za vijiji vyao, kwamba nchi hii imeipokea kwa sharti, na kwamba sharti lenyewe ni sisi, watu tunaoishi hapa na namna tunavyoishi. Nilisema kwa Kigiriama safi, bila kukwama popote.

"Kumbe unajua kusema," alisema hawe.

Hakunifukuza. Nilipewa uji, nikaunywa, nikaaga. Hakukata rufaa. Baada ya mwaka na kitu nikasikia amefariki, na sikwenda matangani kwa sababu sikujua ningekaa upande gani.

Yule hakimu alihamishwa, akapandishwa cheo. Nami baadaye nikahamishiwa Malindi. Huko, mwishoni mwa miaka ya themanini, ikaja kesi iliyofanana na ile kama mapacha: mzee mmoja, mikorosho na minazi, mnunuzi mwenye hati. Tofauti ilikuwa moja tu. Mzee alikuwa na wakili, binti mdogo aliyetoka Mombasa, ambaye alisimama akasoma kile kifungu, akamleta shahidi mmoja kueleza mila ya miti, akaketi. Hakimu wa pale aliuliza maswali mawili. Akasema hali ya pwani inajulikana, na kanuni ya Uingereza haiwezi kuingia mahali pasipoitosha. Miti ni ya mzee. Yote hayo hayakuchukua hata robo saa.

Nilifasiri. Nilipaza sauti kuliko ilivyohitajika, na watu walidhani ni furaha. Robo saa! Jambo ambalo mwanamke mzima alinyang'anywa kwa kurasa nne lilirekebishwa kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa, kwa maneno yale yale niliyokuwa nimeyashika mikononi nikayarudisha kabatini. Nilimchukia yule hakimu wa kwanza upya. Nilimchukia yule wakili wa vitabu vitatu, aliyejua au aliyepaswa kujua. Nao majaji wa farasi niliwaonea wivu, kwa kuwa angalau waliuliza.

Nje, kwenye veranda, yule mzee aliyeshinda alinifuata. Alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi, analia na kucheka.

"Ahsante sana, mwanangu," aliniambia. "Umenisemea vizuri."

"Sikukusemea mimi," nikamjibu. "Mimi sisemei mtu. Mshukuru wakili wako."

Nilisema kwa ukali, mbele ya jamaa zake. Mzee wa watu akarudi nyuma hatua moja, akaniomba msamaha, bila kujua kosa lake ni lipi.