Matanga ya Rubani

Bibi ninayemtunza hapa ughaibuni, Al Rayyan, ni Mwingereza anayekaribia miaka tisini, na anaishi kwa mwanawe mhandisi. Nilianza kumwita Shosho, yaani nyanya, kwa utani, akalipenda jina. Kando ya kitanda chake pana picha ya kijana aliyevaa sare za jeshi la anga, anacheka kama mtu aliyetoka kuiba sukari. Mimi jambo la watu nisipolijua silali. Wiki ya kwanza tu nikauliza.

Ni kaka yake, rubani wa ndege za mabomu wakati wa vita vya pili vya dunia.

"Amezikwa Kenya," akasema. "Nyeri."

Nusura niangushe chai. Nyeri ni kwetu! Yale makaburi ya Wazungu niliyapita utoto wangu wote nikienda shule, nikidhani ni ya walowezi waliouawa na malaria. Nikataka kujua: adui gani alimpiga kule kwetu? Hakuna adui, akanieleza. Alikuwa bado anajifunza kuiendesha ndege yenyewe. Wingu likaufunika mlima, ndege ikaugonga, basi. Nilikasirika kana kwamba ni ndugu yangu.

Shosho alikuwa mtoto mdogo wakati huo. Mama yao aliwakataza watoto kulia nyumbani. Tutalia, alisema, siku tutakapofika kaburini. Vita vikaisha, mama naye akafariki, na hakuna aliyefika. Shosho alitaka sana afike kabla hajafa, lakini sasa daktari amemkataza safari za ndege.

Nikampigia mama yangu, nikamwomba aende na simu amwonyeshe Shosho kaburi. Ijumaa, ambayo huku ndiyo siku yetu ya ibada, nilipotoka kanisani Mesaimeer, nikaketi na Shosho, video ikafunguka. Nilitarajia kumwona mama peke yake. Kumbe! Kwetu mtu haendi msibani peke yake kama mwizi. Alikuja na wanawake wa kanisa, vitambaa kichwani, majembe na panga mkononi, tayari kufyeka.

"Watunzaji wa hapa wamekata nyasi vizuri hata hakuna kazi," mama akalalamika. "Sasa sisi tufanye nini?"

"Hao ni nani?" Shosho akaniuliza.

"Wamekuja matanga ya kaka yako."

Mwanamke mmoja akataka kujua marehemu alikuwa na umri gani. Nikamwambia miaka ishirini na mmoja.

"Ai! Kwani alikuwa mtoto hivyo? Na mamake alikuja kumzika?"

"Hakuja."

Wakaweka majembe chini. Mmoja akaanzisha wimbo wa mazishi, wengine wakaitikia, na wawili watatu wakawa wanajifuta macho kwa ncha za vitambaa. Mama akasogeza simu mpaka jiwe la kaburi likajaa kwenye kioo.

"Mwambie Shosho amefika," akasema.

Nikamtafsiria. Shosho akalitazama lile jiwe, halafu akanigeukia mimi.

"Sasa naruhusiwa?" akauliza.

Nikamshika mkono, nikamwambia alie.