Kwaya Iliyochelewa Kushuka

Baba alianza kupoteza masikio mwaka uleule nilipoajiriwa kwenye duka la intaneti mjini Sumbawanga. Ilikuwa miaka ya soko huria, kila mwenye mtaji akifungua alichotaka. Mama mwenye duka letu alikuwa mnunuzi wa mahindi kule Laela. Akachoka kugombana na madereva wa malori, akanunua kompyuta chache na kufunga dishi juu ya bati. Kazi yangu ilikuwa kuwawashia watu mashine, kuwafungulia barua pepe na kuwafukuza wenye mikono ya mafuta ya chipsi.

Kwanza baba alilalamika kwamba watu siku hizi wanaongea kwa kumung'unya. Kisha redio yake ikawa inasikika hadi kwa jirani. Hospitalini Mbeya walimwambia mishipa ya masikio inakufa na haina dawa.

Habari hiyo ilinitisha mimi kuliko yeye, na sababu ni mama. Mama alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni. Picha yake tunayo, lakini sauti yake sikuwahi kuijua. Baba alikuwa mwalimu wa kwaya ya kigango chetu, na mama alikuwa mmoja wa wanawake wa sauti ya kwanza. Huko ndiko walikopatana. Kabla sijazaliwa, padri mmoja wa kizungu aliirekodi kwaya ile kwenye tepu, akaondoka nayo aliporudi kwao. Tangu utoto wangu baba aliniambia, "Siku tepu ile ikipatikana, nitakukalisha hapa nikuonyeshe mama yako ni yupi." Wenzake mama wa sauti ya kwanza walikuwa wametangulia karibu wote. Mmoja tu alibaki, huko Kabwe kwa watoto wake, na alikuwa hawatambui hata hao watoto. Wa kuzitenganisha sauti zile alikuwa baba peke yake.

Paroko wetu ndiye aliyetuletea habari njema. Padri yule mzee alikuwa hai, na mpwa wake alikuwa amezigeuza tepu zake zote kuwa mafaili na kumwekea programu ya kugawana, ili mtu yeyote duniani azichukue. Kwaya yetu ilikuwemo, faili moja kubwa la kutisha, maana mpwa hakutaka kuibana sauti ili faili liwe dogo.

Programu zile hazina ghala moja. Faili hukatwa vipande vidogo, na kila anayevichukua anageuka mgawaji wa vile alivyonavyo. Nililielewa hilo upesi, kwa sababu ni kama kulimiana kwa pombe kijijini: anayekunywa ya wenzake asishike jembe, msimu unaofuata analima shamba lake na mkewe. Vipande vyenyewe haviji kwa mpangilio, kwa hiyo huwezi kusikiliza mpaka vyote vitimie.

Nikaanza kulishusha pale dukani, na nilipoona asilimia haisogei, nilijifanya mjanja. Niliziba kabisa njia ya kutoa ili laini yote inifanyie kazi ya kupokea. Mwendo ukazidi kuwa wa kinyonga, na programu ikaniweka nyuma ya watu wote. Nikaenda kujisomea. Nikaachia kutoa kwa kiasi, si kote, maana ukiachia kote laini inajaa na kupokea nako kunakwama. Nikapunguza idadi ya kompyuta ambazo programu ilizikimbilia kwa mpigo. Nikafungua poti, yaani mlango wa programu kwenye ruta, kazi iliyonitoa jasho, kwa sababu fundi aliyeifunga alihama na neno la siri kichwani mwake.

"Bado unashusha kwaya yako?" mama mwenye duka aliniuliza. "Wangekuja kwa miguu wangeshafika hawa."

Cha ajabu, mafaili mengine sasa yalishuka mbio. Vijana wateja wetu walinisifu. "Mshikaji, mashine yako iko poa sana," waliniambia, na mimi nilitamani kuwapiga. Nikatazama tena wanaoligawa faili letu, nikaona ni mmoja tu duniani, kompyuta ya padri. Ilijitokeza asubuhi, kabla ya mchana ikapotea. Nilikuwa nimechonga barabara safi kwenda kwenye ghala ambalo mwenyewe alilifungua kidogo tu kila siku.

"Baba, nimwandikie padri asiizime kompyuta yake," nilimwambia jioni ile, nimeinama kwenye sikio la kushoto, lililokuwa na nafuu.

Alinitazama kana kwamba nimetukana. "Mtu anakusongea ugali, kwa unga wake na kuni zake, wewe umekaa sebuleni unamwambia ongeza moto?"

"Masikio yako, baba."

"Masikio yangu si mzigo wake. Ametukaribisha. Tusubiri."

Ndivyo tulivyolelewa Ufipa. Ukiwa mgeni huchungulii jikoni, huulizi chakula, na ukikaribishwa mezani husogei mpaka uambiwe tena. Ni adabu nzuri, na wanangu nimewafundisha. Lakini mwenye nyumba wa kawaida anakuona umekaa pale na njaa yako. Padri yule hakutuona. Angejuaje kama sebuleni kwake kuna watu?

Nilitii, na kutii kule kunaniuma mpaka leo. Nikaendelea kuhangaika na ruta kana kwamba kuna kitu nimekisahau. Mvua zikaja na radi, tukawa tunazima dishi. Mgao wa umeme nao ukala wiki nzima. Baba akaacha kwenda misa ya kwaya, akahamia ile ya alfajiri isiyoimbwa. Siku niliyomwita kwa nguvu zangu zote akiwa amenipa mgongo, naye akaendelea kupukuchua mahindi, nilitoka nje nikalia. Nikamnunulia kibao kidogo cha chaki tuwe tunazungumza kwa kuandika. Mwalimu hasahau kazi: alianza kwa kunisahihisha mwandiko.

Faili likatimia siku isiyo na lolote, wakati namfundisha mteja mmoja kushika kipanya. Mama mwenye duka alipiga vigelegele. Nikamwandikia padri kumshukuru, naye akajibu siku ileile. Alisema huizima kompyuta baada ya kifungua kinywa kwa sababu feni yake ina kelele. Alishangaa: mbona hatukusema? Angeiacha ikiwaka, au angeiweka kwaya kwenye CD na kutuletea kwa posta. Yeye alidhani anayechukua ni mtafiti fulani asiye na haraka.

Sikumwambia baba. Nilikaa pale kaunta na hasira yangu, na hapakuwa na mtu wa kumgombeza.

Jumapili mchana nilimleta baba dukani, nikamvalisha hedifoni, nikapandisha sauti hadi mwisho. Alifumba macho. Alisubiri muda mrefu, kisha akazivua mwenyewe na kunivalisha mimi.

"Sikiliza wewe," alisema.

Wanawake waliingia, nikashtuka jinsi walivyokuwa wasichana. Wote walikuwa wadogo kwangu.

"Umemsikia?"

Nikaandika: Wako wengi, baba.

"Nieleze walivyo. Nitakuonyesha."

Niliandika kwamba yuko mwenye sauti nyembamba, anayewatangulia wenzake. Akasoma, akatikisa kichwa. "Huyo ni yule wa Kabwe. Nilimkaripia mpaka nikachoka."

Nikafuta. Yuko mwenye sauti nzito, anavuta mwisho wa neno.

"Siyo. Huyo ni marehemu shangazi yako."

Nikafuta tena, nikasikiliza mpaka masikio yangu nayo yakauma. Sikuwa na mwingine wa kuandika. Baba alinisubiri, macho yake kwenye chaki.

"Mama yako hakutangulia wala hakuvuta," akasema. "Aliingia sawasawa na wenzake. Hakuwahi kunisumbua, ndiyo maana nilimpenda."

Nikaurudisha wimbo mwanzo. Wakaingia pamoja, na mama alikuwa humo katikati yao, akiimba vizuri kiasi kwamba sikuweza kumpata.