Kamba wa Mama katika Bwawa la Zabibu

Mama yangu ana ugonjwa usio na dawa: yeyote anayefika kwake bila taarifa ni mgeni, na mgeni lazima ale. Ndivyo alivyompokea yule kamba wa majini.

Mama anaishi Ihumwa, Dodoma, kwenye shamba lake la zabibu. Nyuma ya nyumba kuna bwawa lenye tuta la udongo, linalohifadhi maji ya mvua ya kumwagilia mizabibu kiangazi kizima. Bila bwawa hakuna zabibu, na bila zabibu Mama atatutegemea sisi wanawe, jambo analoliogopa kuliko njaa.

Kaka yangu alimletea pipa la vifaranga vya samaki aina ya perege, limesafiri kwa lori kutoka Kanda ya Ziwa. Tulipomimina bwawani akatoka pia mdudu mwekundu mwenye magando, akatutazama kama sisi ndio tumechelewa. Nikapiga kelele kwamba ni nge. Mama akasema nge wa Dodoma anawajua wote, huyu ametoka mbali, apewe ugali kwanza.

Akapewa. Kila asubuhi Mama alikaa juu ya tuta akimtupia matonge na kumsimulia habari za misiba. Mimi mwanawe wa kuzaa sijawahi kubembelezwa hivyo, na nilimwonea wivu, mdudu!

Kisha maji yakaanza kupungua. Tulilaumu jua, tukalaumu ng'ombe wa watu. Chini ya tuta, jirani yetu, Mrangi wa Kondoa, alikuwa na mchicha unaong'aa katikati ya ukame, na hatukuwahi kumwona na ndoo. Mama alipomuuliza siri yake, alijibu kwamba ni dua tu. Mama akarudi amenuna, akaanza kwenda kanisani hata siku za kazi, asije akazidiwa.

Mizabibu ikaanza kunyauka. Siku moja nilimkuta Mama akipima maji kwa fimbo, machozi yanamlengalenga, na hapo mzaha ukaniisha. Nikamwita bwana samaki, afisa wa uvuvi.

Alikuja kijana mpole, akamwamkia Mama shikamoo, akachimba tuta kwa jembe. Ndani lilikuwa limejaa matundu. Akaeleza kwamba kamba hawa si wa nchi hii. Walivuka bahari melini, ndani ya maji ya samaki wa kufugwa, kisha wakahama bwawa hadi bwawa kwenye mapipa ya vifaranga, na popote wafikapo hutoboa kingo hadi maji yavuje upande wa pili. Katika kila tundu magando madogo yalikuwa yakitupungia.

Mama aliinama kuyatazama. "Nimemlisha siku zote hizi," akasema, "na hakunidokeza kama ana mimba."

Ikabidi bwawa likaushwe. Maji yaliyobaki tuliyabeba kwa ndoo hadi kwenye mizabibu, mgongo ukaniuma wiki nzima. Bwana samaki akaokota kamba wote. Mvua ikawahi, mizabibu mingi ikapona, na Mama akauza zabibu zake mwenyewe.

Katikati ya hayo mchicha wa jirani ulikauka wote. Alikuja kwa Mama ameduwaa, akilalamika kwamba siku hizi dua zake hazifiki. Mama alimkaribisha chakula, asimtajie matundu.

Lakini fundi alipokuja kujenga tuta upya, Mama alimwagiza aache tundu moja upande wa jirani, la ukubwa wa kidole. Nikagomba sana, nikamkumbusha machozi yake.

"Nyamaza wewe," akasema. "Dua za mtu zilishapokelewa. Mimi ni nani nizizuie?"