Mashine ya Pipi Iliyokwenda Mnadani

Kila Krismasi mdogo wangu wa kiume alitutumia kitu kutoka Dar es Salaam ili asije yeye mwenyewe. Kwanza lilikuja jiko la gesi, ambalo mpaka leo mama analitumia kuwekea vikombe vya wageni. Kisha ikaja saa ya ukutani inayoimba kila inapotimia saa, na jogoo wetu akaanza kupunguza bidii. Halafu ikaja mashine ya kunasa pipi.

Niliipokea stendi ya Lushoto, nikaipandisha kwa bodaboda hadi kwetu huku juu, njia ya Shume. Ilikuwa ya kuchezea, ya plastiki nyekundu, kimo chake kama debe, ina kioo mbele na ndani yake kijikono chenye kucha tatu. Unatia sarafu yake ya bandia, taa zinawaka, muziki unalia, unasukuma kijiti. Kijikono kinashuka kwenye rundo la pipi, kinaikamata moja, kinaipandisha vizuri kabisa, na ikikaribia tundu la kutokea kinaiachia. Mdogo wangu alieleza kwenye simu kwamba watoto wa mjini wanaipenda mno. Nyumbani kwetu tuko wawili tu, mama na mimi, na mtoto kati yetu ni mimi, mwalimu mstaafu.

Mama hakuwa na haja ya mashine. Alimtaka mwanawe. Kila mwaka alikuwa akimwahidi, "Nakuja, mama, plamsi zikiiva," na kila mwaka plamsi ziliiva, zikaanguka, mbuzi wa jirani wakafaidi. Hata Krismasi ile mama alikuwa amepika makande ya watu watatu. Tuliyala hadi tukachoka nayo, huku mashine ikituwakia taa kabatini.

Habari ya mashine ilienea kijijini upesi kuliko habari ya msiba. Watoto wakaja, wakaamkia, wakapanga foleni sebuleni na matope yao. Walicheza, wakapiga kelele, wakaondoka bila kitu, maana kijikono kile kilikuwa bahili. Hapo ndipo mama alipokasirika. Kwake mgeni hatoki mikono mitupu, hata mgeni ambaye bado anafutwa kamasi. Atampa kiazi cha kuchemsha, atampa peasi, atampa chochote. Sasa nyumba yake ilikuwa inawafukuza wageni kwa muziki.

Alivumilia siku moja. Kesho yake aliigeuza mashine, akafungua kifuniko cha nyuma, akawa anagawa pipi kwa mkono na kunituma dukani zikiisha. Tangu hapo watoto hawakushughulika tena na sarafu. Foleni ilihamia nyuma ya mashine.

"Kitu gani hiki," aliniuliza jioni, "kinakuonyesha, kinakuinulia, halafu kinakunyima? Kimefanana na aliyekituma."

Alicheka, lakini nilijua ameumia. Nilimkasirikia mdogo wangu hata nikashindwa kunywa chai yangu. Nilitaka nimpigie nimseme, lakini mama alinikataza. Alisema mtoto haitwi nyumbani kwa matusi.

Ikafika sikukuu ya mavuno. Usharikani kwetu kila nyumba hupeleka ilichojaliwa shambani, na baada ya ibada vitu vinapigwa mnada pale nje: viazi, kabichi, mikungu ya ndizi, kuku waliofungwa miguu. Asubuhi hiyo nilimkuta mama anaifuta mashine kwa kitambaa.

"Mama, unaipeleka wapi?"

"Kanisani. Mahindi yangu yameliwa na ngedere. Mwanangu ndiye shamba langu, na alichonizalia ni hiki."

Nikamwambia Mungu hali pipi. Akaniuliza kama huwa namwona akila kabichi. Nikabeba mashine.

Mzee wa kanisa aliyeongoza mnada alikuwa bingwa wa kusifia majogoo, lakini hapo maneno yalimwishia. Aliiinua, akaizungusha, akasema, "Wapendwa, hii ni... hii ni baraka ya kisasa." Akagusa kitufe. Muziki ukalia, taa zikawaka, kuku wakafurukuta, mama mmoja wa kwaya akasema "Haleluya" kabla hajajua ni nini. Watu wakaanza kuongeza bei kwa kicheko, mpaka jirani yetu mkulima wa kabichi akawashinda wote. Nikashusha pumzi. Mashine imepata kwao.

Nilikuwa nimesahau desturi ya mnada wetu. Ukinunua kitu, una ruhusa ya kumzawadia unayemheshimu, pale pale, kila mtu aone. Ndivyo mchungaji anavyorudi nyumbani na jogoo aliyemtoa mwenyewe. Jirani akaipokea mashine, akaiinua juu, akatangaza, "Namzawadia mama yetu, aliyejinyima zawadi ya mwanawe!"

Vigelegele vikapigwa. Kina mama wakamzunguka mama, wakaimba, wakamsindikiza hadi njia panda, mashine ikiwa kichwani pangu. Tulikwenda kanisani na mashine, tukarudi na mashine pamoja na sifa.

Mtu alirekodi yote hayo, akayatupia kwenye grupu la wenzetu walioko Dar. Jioni simu yangu ikaita.

"Yaani dada, mmeninadi kanisani? Watu wananicheka huku! Zawadi yangu inauzwa pamoja na kuku?"

Akakata kabla sijajibu. Baada ya muda mfupi akapiga tena. "Shikamoo dada," akasema. Nikaitikia marahaba, naye akaendelea na hasira yake alipoishia. Akamaliza kwa kusema anakuja mwenyewe kuongea na mama, ana kwa ana, jambo hili liishe.

Jumamosi alifika kweli, na ukungu, na uso wa mtu aliyetunga hotuba tangu Mombo, mlima unapoanzia. Mama alikuwa ameketi sebuleni, mashine iko pembeni, imefunikwa kitambaa cha kufuma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba." Alimshika mkono, hakuuachia. "Umekonda. Nawa ule."

Hotuba ikaishia kwenye bakuli la makande. Alipomaliza kula alifunua mashine, akatia sarafu, akajaribu, akajaribu tena. Pipi ilipanda, ikaanguka. Alikuwa anatokwa jasho, mtu mzima na tai yake. Mama akainuka polepole, akafungua kifuniko cha nyuma, akachukua pipi moja, akamtia mkononi. Mdogo wangu aliiangalia ile pipi, akafuta macho, akasingizia moshi wa jikoni. Nilifurahi kumwona analia. Sijutii.

Alikaa hadi Jumatatu. Alikarabati banda la kuku, akaenda kumshukuru jirani, akaondoka na gunia la viazi, akatuachia ahadi ileile ya plamsi.

Tulisimama mlangoni hadi bodaboda ilipopotea kwenye kona. Tuliporudi ndani, saa ya ukutani ikaimba. Mama akaisikiliza hadi mwisho, akapanda kigoda, akaanza kuifuta vumbi.

"Hii nayo," akasema, "si itafaa mavuno ya mwakani?"