Nyumba Yenye Ngazi Isiyofika Popote

Nyumba yangu iko Mulongwe, mtaa wa Uvira, na ina ngazi ya saruji yenye vipandio kumi na moja. Haifiki popote. Nilikusudia kujenga orofa, saruji ikapanda bei, na ngazi inangoja mpaka leo. Ninalisema hili mapema kwa sababu mtaa mzima unalijua, kwa hisani ya Mama Honorine.

Mama Honorine ni jirani yangu. Kwa miaka ishirini amepokea vifurushi vinavyoshuka na malori ya Bukavu na maboti ya Baraka, akivifikisha kwa wenyewe: jibini ya Bijombo, mchele wa Kiringye, suti za mabwana harusi. Kila alasiri hupanda ngazi yangu kupunga upepo, akaketi kipandio cha juu na karanga zake. Kutoka pale unaona ua wa kila mtu. Mimi, mjinga, niliamini habari ya upepo.

Mwaka jana kilifunguliwa kituo cha kuwafundisha watu wa huku teknolojia ya uchukuzi: wenye pikipiki, wapakuzi wa bandari ya Kalundu, akina mama wa vifurushi. Mkuu wake, Enjenia Ishimwe, alitaka simu imwambie dereva kwa sauti pa kwenda, ili mzigo wa Katogota usizunguke Uvira siku tatu. Tatizo ni kwamba nyumba zetu hazina namba. Basi Mama Honorine akapewa kazi ya kuandika anwani za Mulongwe. Akifaulu, angepata cheti na kuwa msimamizi wa vifurushi. Malalamiko matatu yakikubaliwa, kazi ingekwisha. Hakuwahi kuwa na karatasi yenye jina lake zaidi ya kadi ya kura, na alikitaka kile cheti mpaka akapungua mwili.

Siku ya majaribio pikipiki ziliingia mtaani, simu zikipaza sauti kwenye usukani.

"Kwa Gratien, anayesema mbuzi ni wake. Pinda kushoto."

"Kwa Mama Agathe, geti la bluu, mume analala sebuleni."

Na kwangu: "Kwa Sévère, ngazi isiyofika popote."

Nikaenda kituoni mbio. Kufikia saa sita walalamikaji kituoni hatukuwa watatu, tulikuwa thelathini na wanne. Gratien alikuja na mbuzi.

"Mama, weye uliandika nini juu ya mbuzi yangu?" akafoka.

"Minye niliandika vile bantu banasemaka," Mama Honorine akajibu. "Muntu akiuliza kwa Gratien iko wapi, banamujibu: ule wa mbuzi. Minye nilizusha nini?"

Enjenia akatuuliza mmoja mmoja: kifurushi kilifika? Kilifika. Nyumba ilikosewa? Haikukosewa. Mama Agathe peke yake alinong'ona kwamba mume wake alisharudi chumbani, kwa hiyo anwani ni ya zamani. Likaandikwa hilo, lalamiko moja.

Tuliruhusiwa kurekebisha anwani zetu wenyewe. Mimi nikaweka "Kwa Bwana Sévère" tu, kwa heshima. Kifurushi changu kilichofuata kilizunguka mtaani siku nzima. Nikairudisha ngazi kwenye anwani.

Kwa lalamiko moja tu, Mama Honorine alikuwa amefaulu. Cheti chake kilitumwa kwa pikipiki, ili watu waone kazi ya kituo. Lakini nyumba moja Mulongwe haikuwa na anwani: ya Mama Honorine mwenyewe. Enjenia akaniomba mimi, jirani, niiandike. Niliandika kwa raha ambayo sikuwa nimeipata mwaka mzima.

Alasiri hiyo pikipiki ilipita mlangoni kwake bila kupunguza mwendo, ikasimama kwangu.

"Kwa Mama Honorine," simu ikatangaza. "Usimtafute kwake. Yuko juu ya ngazi ya Sévère, anachungulia nyua za watu."

Mtaa mzima ukacheka. Alikuwa pale pale, karanga mkononi. Dereva akapanda, akamnyooshea simu: je, anwani ni sahihi? Bila kubonyeza ndiyo, hapewi cheti. Akanitazama, nami nikaanza kuona aibu.

Akabonyeza ndiyo.

Alisoma jina lake lote mara mbili, akalia mbele ya kila mtu. Moyo ukanilainika. Nikapanda mpaka kipandio cha juu, nikasimama mbele yake kumpa hongera.

"Papa Sévère," akasema huku akifuta machozi, "sogea kidogo. Uko nanifungia, sioni kwa Gratien."