Mikono Iliyokunjwa Darasa la Nne

Tak! Ndivyo ilivyolia penseli ya Punje ikilazwa juu ya dawati, na hadi leo Bi Chaki akiukumbuka mlio huo hutabasamu peke yake. Watoto wa darasa la kwanza walikuwa bado wanatafuta pa kuanzia. Punje alikwisha maliza, amekunja mikono kifuani, kimya kama maji ya mtungini.

Bi Chaki amezeekea darasa la kwanza. Aliowafundisha zamani sasa wanamletea watoto wao, na akiwatazama tu, mzazi mzima na ndevu zake hujikuta anaficha kucha. Sheria yake ni moja: ukimaliza, laza penseli, kunja mikono, usimsumbue mwenzako.

Punje, mtoto wa kupeperushwa na feni, alivimaliza vitabu vya la kwanza, akafuatisha vya la pili, akavigeukia vya la tatu. Bi Chaki akamwendea Mwalimu Mkuu.

"Mpandishe la nne."

"La nne? Bibi wee, huyo hata mkoba unamshinda!"

"Siupandishi mkoba. Nampandisha mtoto."

Mkuu akacheka, akakubali wiki moja ya majaribio. Akishindwa, arudi, na habari za kurushana madarasa zisisikike tena shuleni pake.

Ijumaa mwalimu wa la nne, kijana mpole, alikuja mlangoni kwa Bi Chaki akikwaruza shingo.

"Mama, samahani. Mtoto haandiki. Nikitoa hesabu wenzake wanaleta madaftari mezani nisahihishe. Yeye amekaa tu, mikono kifuani. Nadhani anaogopa. Mkuu anasema Jumatatu arudi kwako."

"Mikono kifuani?"

"Wiki nzima, mama."

Bi Chaki akaitupa chaki, akavuka uwanja kwa mwendo ambao magoti yake yalikwisha usahau, kijana akimfuata nyuma. Punje alikuwa nyuma kabisa, miguu inaning'inia kitini. Bi Chaki akalifunua daftari lake. Hesabu za wiki nzima zilikuwamo, zimepangwa safi kama meno ya kitana.

"Mwanangu, mbona humpelekei mwalimu?"

Punje akashangaa. "Si ulisema tukimaliza tukunje mikono?"

Kijana akashika kichwa. "Na mimi namwambia Mkuu hajui!"

"Usijilaumu, baba. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo, na huyu nimemlea mimi." Akamwinamia Punje. "Sheria ya huku nyingine. Ukimaliza, inuka, peleka."

"Hata kama wakubwa hawajamaliza?"

"Hata kama."

Kijana akarudi mezani pake. Punje akateremka kitini na daftari lake, akapita kati ya madawati.

"Jamani, angalieni msimkanyage!" mmoja akapiga kelele, darasa likaangua kicheko. Punje naye akacheka, asipunguze mwendo.

Mkuu aliyesikia zogo akaingia, akavaa miwani, akasimama nyuma ya kijana. Kalamu nyekundu ikaweka vema, ikaweka vema, ikafunua ukurasa, ikaendelea. Mahali pamoja ilisita, ikaweka kosa. Punje akalitazama, akalirekebisha papo hapo, akiwa bado amesimama.

"Haya," Mkuu akasema. "Abaki."

Bi Chaki akatoka. Kwenye kibaraza alijiegemeza ukutani, chini ya dirisha, pumzi zimrudie. Mle ndani kijana alikuwa akiliambia darasa limpigie Punje makofi, na makofi yakamwagika hadi uwanjani.

"Mwanafunzi wangu huyo," alinong'ona, wala hapakuwa na mtu wa kumsikia.